Ufuasi wa dhati huku unafanya kazi mwaloni: gharama nalipa mimi au wanalipa wengine?

karani_wa_mwalo ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe wadau, na kwa wale ambao si wa imani hii habari zenu, karibuni tu maana swali langu nusu ni la dini nusu ni la maisha.

Mimi ni kijana wa hapa Mwanza, nafanya ukarani kwenye mwalo mmoja ambao sitautaja. Wavuvi wakileta sangara alfajiri mimi ndo nasimama kwenye mzani, napima, naandika kwenye daftari, na tajiri anawalipa kwa kufuata nilichoandika. Nimeokoka mwaka jana na sio ule wokovu wa Jumapili unaenda unarudi basi, nimeingia darasa la uanafunzi hapo kanisani kwetu, tunasoma Neno, tumegawanywa wawili wawili, kila mtu ana mwenzake wa kumuuliza wiki imeendaje, hela umeitumiaje, fulani umemsamehe au bado, na huyu wangu ni mtu wa mtaani kwetu kwahiyo huwezi kumpiga fiksi, anakujua. Nimebadilika, hata mama kaliona hilo.

Sasa shida iko kazini. Kila mzigo ukipanda kwenye mzani kuna kilo zinakatwa. Kuna zile za maji na barafu ambazo mvuvi mwenyewe anazijua, hizo sina neno nazo. Naongelea zile za juu yake, ambazo mvuvi hazijui. Na mzani wenyewe ulishachezewa kabla sijaja. Halafu kuna sangara wadogo, wa chini ya sentimita 50, hawaruhusiwi lakini wananunuliwa usiku wanaingizwa kwenye daftari lingine, na hilo daftari lingine naandika mimi. Zamani nilikuwa naona ni kazi tu kama kazi nyingine, sa hivi nikishika ile kalamu tumbo linavuruga, sitanii.

Nikamfuata tajiri kwa heshima zote nikamwambia naomba lile daftari la pili aandike mtu mwingine. Hata hakufoka, alicheka tu akasema "mlokole, wanaoitaka hiyo kazi yako wamejaa tele pale Kirumba". Na ni kweli wamejaa.

Ningekuwa peke yangu ningeshaacha. Lakini baba alishafariki, mama yuko kijijini Sengerema, na nina mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu anakaa hosteli. Elimu bure tunaijua, ila hosteli sio bure, chakula sio bure, sare na madaftari sio bure, vyote vinatoka kwenye huu huu mshahara. Nikiacha kazi mimi nitalala kwa rafiki Igoma tutakula mihogo, huo ni msalaba wangu nimeuchagua. Yeye je? Yeye hajasema anaubeba.

Lingine ni kwamba ukoo una shughuli ya tambiko la baba mwaka huu na mimi ndo mtoto wa kiume mkubwa. Mchungaji kasema nisikanyage. Baba mdogo kasema nisipokanyaga hiyo siku nisikanyage tena. Na la mwisho, naona aibu kidogo kulisema, niko mpweke. Wenzangu wa zamani wananiona najidai, na wa kanisani tunakutana kwenye ratiba tu, kila mtu na maombi yake.

Kwahiyo wale mliopo kwenye hii safari muda mrefu naomba mniambie inakuwaje. Malipo yanakuja kweli au ni mbinguni tu? Na tafadhali msiniambie "Mungu atafungua mlango", nimeshaambiwa mpaka na kondakta. Niambieni nyie yaliyowapata.

---

Ngosha_Buzuruga amejibu:

Mkuu pole ila unajitesa. Hakuna mwalo usiokata kilo, hakuna. Ukiondoka wewe atakaa mwingine atakayekata mara mbili, bora ubaki wewe mwenye huruma unawapunguzia kidogo. Mungu anaangalia moyo, piga kazi, somesha dogo, toa zaka, huko mbele ukiwa na mwalo wako utapima kwa haki. Hao wanaokuambia uache kazi waulize wao wanaishi kwa nini, utakuta kwa zaka zenu.

---

mama_wa_dagaa amejibu:

@Ngosha_Buzuruga mwanangu hiyo zaka ya kilo za mvuvi Mungu anaipokea kwa mkono upi? Soma Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwake, haijasema ukitoa fungu la kumi inatakasika.

Karani mwanangu shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaiandika. Mimi nauza dagaa toka enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola, na nimekaa pale Kirumba nikazeeka. Dagaa nao wana ujanja wao msidhani ni sangara tu. Wanaanikwa kwenye mchanga sababu chanja ni gharama, mchanga unaingia kwenye gunia, na kuna ambao hausubiriwi uingie wenyewe. Na visado vinagongwa kitako kinaingia ndani, mteja anadhani amejaziwa. Nilipoamua kumfuata Bwana sawasawa niliacha vyote viwili, nikawa naanika kwenye chanja, nikanunua kisado kipya. Bei yangu ikapanda. Wateja wakanipita wakaenda kwa jirani yangu, hata wa kanisani kwangu walinipita, tena kwa salamu nzuri kabisa "Bwana asifiwe mama" huyo kapita.

Wenye magari wanaopeleka Kongo baadhi walikuja kunijua, wakawa wananipigia simu kabla hawajafika mjini. Baadhi, sio wote. Sijajenga ghorofa. Nyumba yangu Mabatini ni ile ile ya juu mlimani unapanda mawe mpaka magoti yanalia. Kwahiyo akija mtu kukuambia mfuate Yesu biashara itafunguka mwambie kuna mama mmoja Kirumba yeye haikufunguka, ilibaki wazi kidogo tu.

Ila umeuliza malipo na mimi sitakuficha yapo. Fungua Marko 10 mstari wa 29 na 30. Petro kasema sisi tumeacha vyote, Yesu akamjibu hakuna aliyeacha nyumba au ndugu au mama au shamba asipate mara mia, sasa hivi, wakati huu, sio mbinguni tu. Na katikati ya hiyo orodha, kati ya mashamba na uzima wa milele, kaweka "pamoja na udhia". Wahubiri wengi wakifika hapo wanaruka kama wameona nyoka. Mimi nilikuja kuielewa mume wangu alipolazwa Bugando muda mrefu. Walionishikia meza ya dagaa, waliompelekea uji asubuhi kabla mimi sijafika, waliokaa naye usiku, hawakuwa ndugu zangu wa damu, ndugu wa damu walikuja na maneno. Walikuwa kina mama wale wale tunaosoma nao Neno Alhamisi. Alipofariki walikaa kwangu mpaka nikawaambia nendeni kwa waume zenu. Hao ndo nyumba zangu mia na mama zangu mia. Hela sikuziona ila watu niliwaona.

Kuhusu kazi yenyewe, Luka 3 watoza ushuru walimwendea Yohana wakamuuliza tufanye nini, hakuwaambia acheni kazi, aliwaambia msichukue zaidi ya mlichopangiwa. Kwahiyo sio lazima mtu aache ukarani. Ila wewe umeshamwomba tajiri na amekucheka, sasa hapo sijui, hapo utaamua na Mungu wako.

---

fundi_Pasiansi amejibu:

Niongezee la kidunia. Mizani ya biashara inahakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka inabandikwa stika, mzani uliochezewa ni kosa la jinai, na siku wakija tajiri hatakuwepo, utakuwepo wewe na mkono wako kwenye mzani. Hao sangara wadogo ndo kabisa, doria ikipita mtu anayekutwa na daftari la pili ni karani. Watu wanasemaga namba kwenye karatasi ni kitu kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka pale Ukara, kivuko cha abiria 101, waliokufa walizidi 200. Hilo nalo lilikuwa suala la namba.

Mimi hata kanisani siendi sana, nasema tu.

---

mwinjilisti_kisiwani amejibu:

Shalom ndugu karani. Niko Ukerewe, ni mwinjilisti wa kujitolea, nakula kwa mihogo na machungwa yangu, kwahiyo ndugu Ngosha nisamehe kwenye ile hesabu ya zaka.

Nianze na tambiko maana naona wote wamelikwepa. Nitatofautiana kidogo na mchungaji wako, na sina nia ya kumvunjia heshima, kamwonyeshe hata haya maandishi mjadiliane. Soma 1 Wakorintho 10 kuanzia mstari wa 27. Paulo anasema ukialikwa na asiyeamini ukapenda kwenda, nenda, kula unachowekewa bila kuulizauliza, ila mtu akikuambia hii imetolewa sadaka basi usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Maana yake kuna nafasi ya kuwepo na kuna mahali pa kusimama. Na kuna yule Naamani, 2 Wafalme 5, ameshaponywa ukoma, anamwambia Elisha bwana wangu akiingia nyumba ya mungu wao Rimoni huwa anaegemea mkono wangu nami nainama, Mungu anisamehe kwa hilo. Elisha hakumpa somo refu, alimwambia nenda kwa amani.

Huku kwetu ninavyowashauri vijana ni hivi, usisubiri siku yenyewe ndo ukasimame mbele ya watu useme mimi nimeokoka, hapo unamdhalilisha baba mdogo wako mbele ya ukoo na hata kama una haki umeshapoteza. Nenda wiki kadhaa kabla, wewe na yeye tu, kaa chini, mwambie baba mdogo mimi kumkumbuka baba nakuja, maji nitachota, kuni nitapasua, wageni nitawapokea, mchango wa chakula huu hapa, kaburi nitalijengea, ila kumwita baba kwa damu ya mbuzi hilo siwezi na sitashika kisu, tafadhali mtafute mwingine wa nafasi hiyo mapema. Atakasirika. Ila ukoo mwingi unachoogopa ni kwamba mtoto ametukimbia, mbuzi ni jambo la pili. Wakikuona umelowa jasho unapasua kuni, maneno yanapungua. Sijasema yanaisha.

Sasa huo upweke. Huku visiwani mahudhurio ya kanisa yanafuata mwezi. Siku za giza vijana wote wako ziwani na taa zao wanavua dagaa, mchana wamelala, Jumapili ikiangukia hapo nahubiria kina mama na watoto. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, na hapo ndo kambi inawaka moto maana vijana wana hela ya mgao mfukoni na hawana kazi, pombe, wanawake, visu. Zamani nilikuwa na darasa langu kila Jumatano kama nilivyofundishwa na walionifundisha, ambao ni watu wa mjini. Tukabadilisha, darasa letu linakaa mbalamwezi, usiku, nje, hata taa hatuwashi, tunasoma mistari michache halafu tunapika, tunakula, tunaongea mpaka mtu anasema lile lililomkwama. Nadhani mnachokosa huko kwenu ni hicho. Mna maswali ya kuwajibishana lakini hamli pamoja. Yesu na wale kumi na wawili walikula sana, ukisoma Injili utadhani kila ukurasa kuna mkate au samaki.

Kuna kijana wangu mmoja alikuja kuniambia mwinjilisti, kwenye mtumbwi tunaovulia kuna kitu kimefungwa chini ya ubao wa mbele, tajiri aliletewa na mganga kwa ajili ya samaki na dhoruba, nifanyeje. Matendo 19 watu wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake vipande hamsini elfu vya fedha, lakini vilikuwa vyao wenyewe, hiki ni cha mtu. Nikamwambia usikiguse, mwambie tu tajiri kwamba wewe hukitegemei, na wenzako wakiogopa kwenda na wewe hama chombo. Walimwogopa kweli, wakasema atatuzamisha. Akahama. Chombo alichopata kilikuwa kibovu, kinavuja, mgao mdogo, mke wake alinuna na mimi alininunia. Mpaka leo yuko hapo hapo. Ila kitu kimoja kimetokea ambacho sikukitegemea wala yeye, kambi ile mbalamwezi ikianza wale wale waliomfukuza wanamletea hela zao awatunzie, maana wanajua hatazinywa na hatazikana. Anazo kwenye kopo, kila moja na jina. Sijui kama hayo unayaita malipo, mimi nayaita.

---

aliyepumzika amejibu:

Nitasema kifupi nisije nikapigwa mawe. Nilikuwa kwenye huduma moja hapa mjini, uanafunzi haswaa, Jumatatu maombi, Jumanne seli, Jumatano mafundisho, Alhamisi uinjilisti mtaani, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi wa kanisa na mazoezi ya kwaya. Watoto wangu walikuwa wananijua kwa sauti ya kufungua geti. Ukikosa siku moja unapigiwa simu unaulizwa umepoa? Siku nilipopunguzwa kazini hakuna aliyepiga simu, labda walijua nimepoa.

Yesu sijamwacha, nasali nyumbani na familia. Ila mdogo wangu karani angalia sana, ratiba ya kiongozi fulani inaweza kuvaa joho la msalaba. Msalaba ni kama huo wa mzani wako, huo ni wa kweli. Mkesha wa kila wiki sio lazima uwe msalaba, mwingine ni kukosa usingizi tu.

---

binti_wa_Bukumbi amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki kwahiyo lugha yetu ni tofauti kidogo, sisi tuna jumuiya ndogondogo, tunasali nyumba kwa nyumba, lakini jambo ni lile lile.

@aliyepumzika pole sana kaka, nakuelewa, ila nakuomba usibaki peke yako moja kwa moja. Nyumbani kwetu ni Bukumbi, hapa Misungwi, na historia ya pale ndo inanifanya niseme hivi. Wale wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki waliokuwa Buganda waliondoka huko mwishoni mwa 1882 wakavuka ziwa wakaja upande wetu wa kusini, Bukumbi ikaanza 1883, hawakurudi Buganda mpaka 1885. Karibu miaka mitatu wale vijana walioamini kwenye ikulu ya kabaka, mfalme wa Buganda, hawana padre, hawana misa. Sasa nani aliwashika? Walishikana wenyewe, Yosefu Mukasa Balikuddembe akiwa kama kaka yao, wakafundishana usiku kwenye vibanda, na mapadre waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Yosefu aliuawa Novemba 1885, kosa lake alimkemea kabaka kuhusu kuuawa kwa yule askofu wa Kianglikana Hannington, yaani Mkatoliki anakufa akimtetea Mwanglikana, wakati mapadre na wachungaji wao walikuwa wanagombana. Kisha 3 Juni 1886 ikaja Namugongo, huko huko Buganda, Karoli Lwanga na wenzake wakauawa kwa ajili ya imani, Wakatoliki na Waanglikana motoni pamoja. Watu wa huku kila mwaka wanapanda mabasi kwenda Juni 3, wengine wanatembea kwa miguu, sawa, ila ninachokikumbuka mimi zaidi ni ile miaka mitatu kabla ya moto ambayo haina sherehe.

Na kwa habari ya ukoo, kulikuwa na kijana Mbaga Tuzinde, mkuu wa wanyongaji Mukajanga alikuwa mlezi wake, alimchukua kama mwanae. Alimbembeleza, akina mama wa nyumbani walimlilia, wakamwambia tutakuficha, wewe ikane imani tu. Akakataa. Kwahiyo karani huyo baba mdogo wako sio wa kwanza, ila ashukuriwe Mungu, huyo wako hana moto.

Sasa nije kwenye lile ulilouliza hasa, mdogo wako. Hapo ndo naona wote wamelipita, hata mama, samahani mama yangu. Watu wakihubiri "waliacha nyavu wakamfuata" wanamaliza hapo. Marko 1:20 inasema Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mzee hakuachwa peke yake na nyavu, kulikuwa na watu wa kazi. Petro alikuwa na mama mkwe, na Yesu alipoingia nyumbani kwake alimponya. Na Yesu mwenyewe yuko msalabani anagawa nani atamtunza mama yake. Halafu kuna ile Marko 7 kuhusu korbani, watu waliokuwa wanasema hela yangu nimeitoa kwa Mungu kwahiyo wazazi siwezi kuwasaidia, Yesu aliwakasirikia haswa. Kwahiyo hofu yako juu ya mdogo wako sio udhaifu wa imani, usikubali mtu akuambie hivyo.

Ila haimaanishi uendelee kukata kilo. Maana yake ni kwamba swali la hosteli sio lako peke yako. Luka 14 Yesu anasema mtu kabla hajajenga mnara akae chini ahesabu gharama, na mimi nauliza, anahesabu na nani? Mna darasa la uanafunzi, mnaulizana kama mmesali, kama mmesamehe, hela mmeitumiaje. Je umewaambia kwamba ukiwa mwaminifu kazini mtoto wa watu anatoka hosteli? Na wao wamesemaje? Darasa ambalo linakuambia acha kazi ya udanganyifu halafu linafunga kwa sala kila mtu anaenda kwake, hilo limekupa msalaba na wenyewe wamebaki na vitabu. Mchungaji anayekuambia usikanyage tambikoni naye aulizwe, kaburi la baba yako kanisa litakuja kujenga lini.

Nasema hivi kwasababu yalinipata. Niliishi na mwenzangu bila ndoa, tuna watoto, nikataka kurudi kwenye sakramenti, na baba yangu akasema ndoa hakuna mpaka ng'ombe wote wa mahari wafike. Ng'ombe walibaki wengi na mume wangu ni fundi baiskeli. Miaka nimekaa benchi la nyuma wengine wanaenda kukomunika. Jumuiya yetu ilikuwa inanisisitiza kila wiki nifunge ndoa, nifunge ndoa, mpaka siku moja mzee mmoja wa jumuiya akasema jamani huyu tunamwambia kitu ambacho hana uwezo nacho, twendeni wenyewe kwa baba yake. Wakaenda, wazee wanne na makatekista, siku ya kazi. Sitasema walimaliza siku hiyo, walienda mara nyingi na baba aliwafukuza pia. Lakini walienda. Ndoa tulifunga, na ng'ombe wengine bado tunadaiwa mpaka leo, baba anakumbusha kila Krismasi.

---

Ngosha_Buzuruga amejibu:

Dada hapo umeongea. Hilo la kuwauliza darasa mimi ndo nilikuwa namaanisha mwanzoni ila nililiweka vibaya. Waulizwe.

---

karani_wa_mwalo amejibu:

Wadau nashukuru sana, wabeja, nimesoma zote zaidi ya mara moja. Mama shikamoo, nilijisahau kweli.

Nirudishe majibu. Hilo swali la dada nilienda nalo darasani nikalisoma kama lilivyo kutoka kwenye simu. Kukawa kimya kirefu kidogo. Kiongozi wetu akasema tuliombee, yule mwenzangu wa mtaani akasema hapana kwanza tuliongelee ndo tuliombee. Sijui itafika wapi, wapo waliosema wakifanya kwangu itabidi wafanye kwa kila mtu, na ni kweli wana haki ya kuogopa, nao sio matajiri, mmoja anauza vocha. Ila wawili wamesema chakula cha dogo cha muhula huu watashika wao mpaka nijue naenda wapi. Sikutegemea.

Halafu nikampigia dogo mwenyewe. Kwa kweli alinikasirikia, sio kwa ajili ya kuacha kazi, alikasirika kwamba nimewauliza watu wa mtandaoni kabla yake. Akasema hosteli anaweza kutoka, shangazi yuko Usagara na shule sio mbali na hapo kwa daladala, ila anataka nimwahidi mitihani ya kidato cha nne hatakuwa anachota maji ya watu wazima saa kumi usiku. Hiyo inabidi niongee na shangazi, na shangazi namjua.

Mama yeye kasema usiache mpaka upate. Nimemwelewa.

Tambiko nitafanya kama alivyosema mwinjilisti, mchungaji nilimwonyesha akasoma, akasema atalifikiria. Baba mdogo naenda kumwona mwezi ujao kabla ya shughuli, mniombee maana ana mdomo.

Daftari la pili nimeliacha mezani kwa tajiri. Sijafukuzwa bado. Anaandika mwanae sa hivi, na kwenye mzani bado nipo mimi, kwahiyo hapo bado, hilo la mzani sijui nalimalizaje na sitakaa nalo muda mrefu.

---

mama_wa_dagaa amejibu:

Shangazi mpelekee dagaa. Pita kwangu nitakufungia, wasio na mchanga.

---

Ngosha_Buzuruga amejibu:

Mkuu mimi bado naona unajichosha, nisiwe mnafiki. Lakini kuna jamaa yangu ana ghala la barafu na nyavu huku Nyakato, makarani wawili wa mwisho wamempiga hela, anatafuta mtu wa daftari ambaye hatamwibia. Nikamwambia kuna mlokole mmoja analia kwa sababu ya kilo. Kasema mlete. Mshahara ni mdogo kuliko huo wako nakuambia kabisa, na barafu inaanza kupakiwa saa tisa usiku.

---

karani_wa_mwalo amejibu:

Mdogo kiasi gani? Na Jumapili wanafanya kazi?

---

Ngosha_Buzuruga amejibu:

Jumapili nusu siku. Njoo pembeni tuongee, hapa watu wanasoma.